Mgeni wa Kiti cha Kubembea

4 Februari

Kwako Baba mdogo,

Salamu kwanza, kabla mkono haujachoka. Huku hatujambo wawili na nusu: mimi, mume wangu, na huyu mpangaji wa tumboni asiyelipa kodi. Daktari amenipumzisha kitandani. Si kwa ubaya, ni tahadhari tu, kwa sababu ya yale ya mwaka juzi. Nimelala kama gogo lililosahaulika kiwandani, kompyuta juu ya mto, na dirishani naona ukuta wa jirani na kamba yake ya nguo. Mama mdogo akiuliza, mwambie nimepumzika, usimwambie nimelazwa.

Yeye anaendeleaje? Nikimpigia, simu inaita tu. Sauti haijamrudia? Na nikikupigia wewe ni kama nimepigia ubao, mashine zimeshakula masikio yako. Basi tushike kalamu, maana ujumbe wa simu nao unasema unakuumiza macho.

Sasa kazi. Nimeweka hesabu ya wageni kwenye tovuti ya karakana yako ya samani. Ni kama kumweka mtu mlangoni mwa duka. Hamjui mgeni kwa jina, lakini anajua katokea mji gani, kashika simu au kompyuta, kasimama mbele ya kitu gani, na kageuzia wapi kutoka. Nimekaa na hesabu hiyo na nimeona aibu yetu. Tangazo la meza za ofisi, lile tunalolilipia, linaleta watu wengi, ila wanaingia na kutoka palepale kama waliokosea nyumba. Wanaokaa ni wale wanaotafuta vitanda vya watoto. Hao wanasoma mpaka chini, wanafika ukurasa wa kuagiza, halafu wanakimbia. Unajua kwa nini? Hatujaandika usafiri ni kiasi gani. Mtu anaogopa kuuliza, anaenda zake.

Kitu kingine: ile video niliyompiga Mama mdogo nilipokuja mwaka jana, kakaa kwenye kiti cha kubembea, anaongea na husikii hata neno kwa ajili ya mashine ya kuranda. Wanaoifungua wanaiangalia mpaka mwisho. Mwambie nataka nyingine, akae kwenye benchi jipya, avae lile gauni la kijani. Nyota wetu huyo.

Nijibu mapema.
Mwanao,
Chiriku

23 Februari

Mwanangu Chiriku,

Barua imefika, imekunjwa kunjwa lakini inasomeka. Tumefurahi kusikia mpangaji yupo na anapiga mateke. Hapa karakana hatujambo. Fundi wa vanishi amepata miwani mipya, sasa anaona makosa yake mwenyewe na amekuwa mnyonge.

Nimekuelewa habari ya mlangoni. Tangazo la meza liondoe. Bei za usafiri nimekuandikia nyuma ya karatasi hii, kwa kila mji, zipange unavyojua.

Mama mdogo wako sauti bado. Daktari kasema asiilazimishe. Anaandika anachotaka kwenye ubao mdogo wa chaki, na mimi nasoma. Kwa mara ya kwanza nyumba hii kiziwi na bubu wanaelewana bila kugombana, ndivyo alivyoandika mwenyewe, kisha akacheka mpaka akakohoa. Video haitaki. Anasema amekonda, gauni la kijani linamning'inia, angoje anenepe.

Ameandika hivi, nanakili kama yalivyo: "Chiriku alale. Asinyanyuke hata kama nyumba inaungua, mumewe atambeba."

Hospitali tunakwenda. Usiulize sana.

Ni mimi,
Baba yako mdogo

12 Machi

Baba mdogo,

Shikamoo, na Mama mdogo shikamoo yake nampa humu humu. Msomee taratibu, ana haraka huyo.

Mwambie bei za usafiri zimefanya kazi! Watu hawakimbii tena kwenye ukurasa wa kuagiza. Vitanda vya watoto vimeagizwa hadi nikamtumia fundi wa vanishi ujumbe muongeze mbao. Tangazo nimelihamisha kutoka kwenye meza, nimeliweka kwa wazazi wanaotafuta kitanda cha mtoto, na sasa kila anayeingia anaingia kwa sababu. Mume wangu ananiona nacheka peke yangu na kompyuta, anauliza kama nina mwanaume mwingine humo ndani. Nikamwambia ninao mamia.

Mama mdogo, nakuandikia wewe sasa: nimetii. Sijanyanyuka. Mtoto akilala upande wa kulia nasikia kisigino chake kabisa. Nikijifungua salama utakuja wewe, si mwingine, unishikie nyumba. Nimeshamwambia mama mkwe asijisumbue. Niandikie mstari mmoja kwa mkono wako, hata wa chaki, Baba mdogo apige picha.

Chiriku

9 Aprili

Baba mdogo,

Natumaini mko salama, maana mwezi mzima kimya. Mume wangu anasema ni posta. Binamu zangu nao siku hizi hawanipigii, nikiwapigia wana haraka, kila mmoja kaacha kitu jikoni. Au wote mmenichoka?

Nina habari njema lakini. Kuna kitu nimekiona kwenye hesabu. Ukurasa wa kiti cha kubembea, uliokuwa haupati mtu, umefufuka. Watu wanaingia kila siku, wanakaa muda mrefu kuliko ukurasa wowote, wanaangalia video mpaka mwisho na kuirudia, na kuirudia tena. Wanatoka huko huko mjini kwenu. Na wanaingia alasiri, hasa saa tisa na kumi. Mimi kwa utani nawaita Mgeni wa Alasiri, kama mtu mmoja.

Nimelifikiria hili nikilala na nikiamka. Mtu harudi kwenye kitu mara zote hizo kama hakitaki. Ni wateja wanaosita. Nashauri utengeneze viti kumi kwa mpigo, viwe tayari, na mimi nilipie tangazo hapo mjini kwenu. Vitanda viende polepole kidogo.

Mama mdogo hajaniandikia. Kanikasirikia nini?

Chiriku

20 Aprili

Mwanangu,

Nisamehe kukawia. Mvua imekuwa nyingi na karakana ilivuja, tukahamisha mbao.

Mama mdogo wako hajakukasirikia. Hajawahi. Ametulia sasa, maumivu yamekwisha. Kuandika ndiyo hawezi.

Kuhusu viti, sidhani kama ni wateja. Lakini wewe ndiye unayezijua hizo hesabu. Ukisema viti, tutatengeneza viti.

Lala. Kula. Usihangaike na kitu.

Baba yako mdogo

8 Mei

Baba mdogo mpenzi,

Barua yako fupi kama risiti, lakini imenitoa machozi ya furaha. Maumivu yamekwisha! Nimeisoma mstari ule mara ngapi sijui. Nimemwonyesha mume wangu, akatoka chumbani akasema anakwenda kuangalia maji. Nadhani naye kalia, wanaume nyie hamjulikani. Kumbe kimya chenu kilikuwa cha kuuguza. Basi akipata nguvu za vidole aniandikie. Siku zangu zimekaribia, miguu imevimba kama ile minene ya kitanda ulichomchongea mwenyekiti wa mtaa, unakikumbuka.

Tuseme ukweli kuhusu viti. Fundi wa vanishi kanitumia picha, vimepangwa hadi mlangoni, vinapendeza, na hakuna aliyenunua hata kimoja. Wageni wanaingia vilevile, wanaangalia vilevile, hawanunui. Hilo linanisumbua. Nimejaribu mambo mawili.

La kwanza, nimeweka kibandiko kinachomtokea yeyote anayerudi kwenye ukurasa ule. Kinasema: "Bado unakiwaza? Kipo bado. Usingoje mpaka kiondoke." Nimekitunga mwenyewe, nimekipenda.

La pili limeanza leo asubuhi. Nahisi video ndiyo inayotukosesha. Watu wanamwangalia Mama mdogo, anavyocheka, wanafurahi, wanasahau kama kuna kiti. Kwa hiyo nimeitoa kwa majuma mawili. Nimeweka picha ya kiti kitupu, safi, karibu na dirisha. Tuone kama watanunua au wataacha kuja. Ndivyo inavyofanyika katika kazi hii: unabadili kitu kimoja, unasubiri, unalinganisha.

Mwambie asinune, nitamrudisha.

Mwanenu,
Chiriku

10 Mei

Chiriku,

Barua yako haijanifikia kama umeandika. Nimefungua leo nimekuta kiti kitupu. Jana na juzi pia.

Mrudishe Mama mdogo wako kwenye ukurasa. Nakuomba, mwanangu. Mrudishe. Sina pengine pa kumwona.

4 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo.

Mtoto amezaliwa. Wa kiume. Amekuja kabla ya siku zake, ni mdogo, mikono yake kama ya mjusi, lakini anapumua mwenyewe na analia kwa nguvu. Tumerudi nyumbani juzi. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani, na nimeianza kwa sababu ndivyo mlivyonifundisha.

Barua yako ya tarehe kumi ilifika nikiwa hospitali. Mume wangu aliifungua, akaisoma, akaitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake akatembea nayo. Jana nilikuwa natafuta vidonge mfukoni mwake. Nikaisoma nimesimama, mtoto begani.

Nilimuuliza swali moja tu: lini? Akasema Machi.

Machi, Baba mdogo. Nimeweka barua zako zote kitandani nimezisoma upya. Ametulia. Maumivu yamekwisha. Kuandika hawezi. Hukusema uongo hata mara moja, na kila neno umenidanganya. Na mimi nikajibu kwamba nimefurahi! Mmeniacha nikashangilia kifo cha mama aliyenilea. Wote mlijua. Binamu, mama mkwe, fundi wa vanishi aliyekuwa ananitumia picha za viti. Nimefanywa mtoto mbele ya watu wote.

Mume wangu analala sebuleni. Anasema mlikubaliana kwa ajili yangu. Sijui hilo neno lina maana gani sasa.

Niambie. Video nimeirudisha, na wewe usinipe mstari mmoja. Alikufa lini, saa ngapi, nani alikuwepo, alivaa nini. Na alasiri zote zile ulikuwa unafanya nini kwenye ukurasa ule.

Chiriku

15 Juni

Mwanangu Chiriku,

Nimefurahi mtoto anapumua mwenyewe. Nimewaambia mafundi, wakazima mashine zote kwa muda.

Nakuandikia kama ulivyotaka.

Alikuwa na uvimbe kooni. Tuliambiwa mwaka jana mwishoni, wewe ukiwa umeshaondoka. Hakutaka ujue, kwa sababu ulikuwa umetuandikia kwamba una mimba tena. Mara ile ya kwanza alikuja akakaa na wewe hospitali, unakumbuka, na aliporudi hakutaka kuliongelea, alifua nguo za nyumba nzima hata zilizokuwa safi. Aliniandikia kwenye ubao: "Asijue mpaka ajifungue. Apa." Nikaapa. Akafuta, akaandika tena lilelile, nikaapa tena.

Amekufa tarehe sita Machi, asubuhi, nyumbani, kitanda cha chumba chetu. Tulikuwa mimi na dada yake mkubwa. Nilikuwa nimemshika mkono. Mimi sisikii, Chiriku. Watu wengine wanajua kwa kusikia pumzi. Mimi dada yake ndiye aliyenigusa bega. Tulimzika kesho yake. Gauni la kijani lilivalishwa na dada yake, akalipunguza kwa pini mgongoni lisimpwaye.

Barua yako ya vitanda na kisigino cha mtoto ilifika msiba umeisha. Ile ya kumwambia aje akushikie nyumba. Niliisoma karakana nikakaa chini. Ndiyo sababu sikujibu mwezi mzima. Sikuwa na kalamu ya kujibu barua ile.

Mumeo nilimwandikia mimi. Daktari wenu alikuwa amemwambia usipate mshtuko. Kama kuna wa kulala sebuleni ni mimi, yeye mruhusu arudi ndani.

Sasa alasiri. Ulikuwa unawaita mgeni mmoja kwa utani, na kweli alikuwa mmoja. Ni mimi, na simu ni ya Mama mdogo wako. Ukurasa ule ulikuwa umeachwa wazi humo, alikuwa anapenda kujiangalia, kisha anasema kakonda. Baada ya msiba niliiwasha nione saa, nikamkuta. Alasiri ndiyo saa aliyokuwa anakuja karakana kukaa na mimi, kwa hiyo saa hiyo naifungua. Ukipiga, naona jina lako linawaka kwenye kioo. Naliangalia mpaka lizime.

Unasema kwenye video husikii hata neno. Mimi sihitaji kusikia. Miaka yote hii nimemsoma mdomo. Anasema: "Zima hiyo mashine, mtoto anaongea." Mtoto ni wewe, ulikuwa unamnyooshea simu na kumwuliza maswali yako. Ukisikiliza mwisho utasikia mashine inanyamaza. Ni mimi nimezima. Ananitazama, anacheka, basi, video imekwisha.

Ulipoandika kwamba wateja wanakipenda kiti, ningekwambia nini? Niseme hao si wateja, ni mimi? Ungeuliza kwa nini naangalia simuni mtu niliye naye nyumbani. Nikaona afadhali nitengeneze viti. Kile kibandiko chako kilikuwa kinatokea juu ya uso wake. Bado unakiwaza, usingoje mpaka kiondoke. Nilikuwa nakibonyeza pembeni kinaondoka, namwona.

Nilipoitia posta ile barua fupi ya tarehe kumi nilifika hadi kona ya soko nikarudi mbio kuichukua. Yule karani wa dirishani akasema kikishaingia kwenye sanduku si changu tena. Nilimwomba mpaka watu wa nyuma wakaanza kusukumana. Ulikuwa umebakiza majuma machache tu, na nilishindwa kungoja majuma hayo. Aliniapisha mara mbili nikashindwa.

Sitaki tena Mama mdogo wako auze viti. Hilo moja nakuomba. La kunisamehe sikuombi.

Baba yako mdogo

29 Juni

Baba mdogo,

Shikamoo.

Mtoto ameongezeka uzito, na daktari ameridhika. Mume wangu amerudi chumbani, hatuongei sana, tunapokezana mtoto. Nimemwonyesha barua yako. Alikaa nayo muda mrefu kisha akaniomba radhi, na mimi nikamwambia alete maji ya kuogea mtoto.

Biashara kwanza, nikimaliza nipumue. Tangazo la viti vya kubembea nimelisimamisha. Niliiondoa simu ya Mama mdogo kwenye hesabu ili nione ukweli wa ukurasa ule, na ukweli ni kwamba hauna mtu. Nilikuwa nahesabu mara mlango ulipofunguliwa, si vichwa, na tangu Machi hakuna aliyekuwa anakaa humo isipokuwa wewe. Miezi mitatu nimepanga kazi ya watu wazima sita juu ya kilio cha mtu mmoja, na takwimu zote zilikuwa sahihi: mji, saa, muda, mara alizorudi. Nilijua kila kitu cha mgeni yule isipokuwa kwamba amefiwa, na kwamba na mimi nimefiwa.

Rudini kwenye vitanda vya watoto. Hivyo vinaulizwa kweli. Viti vilivyobaki nitavitafutia watu kwa picha ya kiti peke yake, kimoja kimoja, hata ikichukua mwaka.

Sasa sisi. Sijakusamehe, Baba mdogo. Nataka ulijue hilo kwa mkono wangu, usiambiwe. Ninaelewa kwa nini, na kuelewa hakujanisaidia kitu. Alinilea toka nina miaka minne. Kuna udongo nilitakiwa niutupe mimi. Kuna pini nilitakiwa nizibane mimi mgongoni mwake. Mwaka juzi alinishika mkono hospitali mimi nikipoteza mtoto, na mwaka huu kapotea yeye mimi nikimtania kuhusu gauni. Usije kwanza. Najua umeshaulizia nauli, mume wangu kaniambia. Nitakuita mwenyewe, nikiweza. Nikichelewa, ngoja.

Lakini jana nilijifungia na mtoto nikaiangalia. Nimeweka sauti juu kabisa. Nimesikia mashine inanyamaza. Halafu kicheko chake kile, sekunde mbili hazifiki, wewe hujawahi kukisikia humo. Nilitaka nikueleze kilivyo nikashindwa. Kiko juu kidogo mwanzoni, kisha kinashuka kama mtu aliyeketi.

Nimeitoa video dukani. Nimeitengenezea ukurasa wake, hauna mlango kutoka popote, mteja hawezi kuuona wala kuutafuta. Anwani yake nimeiandika nyuma ya karatasi hii kwa herufi kubwa. Iandike kwenye simu yake hivyohivyo ilivyo. Hakuna kibandiko kitakachotokea juu yake.

Na hesabu nimeizima. Hakuna atakayejua umeingia mara ngapi, wala mimi nimeingia mara ngapi.

Chiriku